Vβ11 haionekani kwa panya wa BALB/c: kingamwili imekufa au kuna jambo?

Mwana_wa_Wengu:

Wakuu, salaam. Wenye uzoefu na mashine za flo saitometri (zinazosoma seli moja moja kwa rangi zilizopakwa) naomba mnisogelee, nimekwama.

Nipo kwenye tasnifu ya uzamili, malaria ya ubongo kwa panya. Kimelea ni Plasmodium berghei ANKA, na panya ni wa koo mbili: C57BL/6, ambao wakiambukizwa wengi hupata dalili za ubongo na kufa kati ya siku ya 6 na ya 10, na BALB/c, ambao wengi huvuka kipindi hicho na kuja kusumbuliwa baadaye na upungufu wa damu. Msimamizi wangu anataka nitazame vipokezi vya seli T upande wa Vβ (sehemu inayobadilika ya mnyororo wa beta, yenye familia zinazopewa namba), nione kama kuna familia inayofumuka kwa wanaougua ubongo kuliko kwa wanaonusurika. Kuna makala ya mwaka 1999 iliyosema Vβ8 ndiyo inayopanda, naye anataka tuone wenyewe.

Mashine yetu ni FACSCalibur ya rangi nne, leza mbili. Ilikuja enzi za kuhesabu CD4 za wagonjwa wa VVU, kazi hiyo ikahamia kwenye mashine ndogo, sisi tukairithi. Bado inadunda.

Ninavyopaka: naponda wengu kwenye chujio, navunja seli nyekundu kwa bafa ya ACK, naziba vipokezi vya Fc kwa kloni 2.4G2, kisha naweka kingamwili zote kwa pamoja nusu saa juu ya barafu, gizani. Rangi zinazong'aa ni hizi: Vβ zote ni FITC (ile seti ya chupa 15), CD4 ni PE, CD8 ni PerCP-Cy5.5 (CD4 na CD8 ni alama za aina mbili za seli T), na TCRβ, yaani mnyororo wa beta wa kipokezi chenyewe, kloni H57-597, ni APC.

Yanayonisumbua ni mawili.

La kwanza: Vβ11, kloni RR3-15. Kwa C57BL/6 ambao hawajaambukizwa napata asilimia 5.1 ya seli za CD4. Kwa BALB/c napata 0.2, yaani hakuna kitu. Vβ5 kwa kloni MR9-4 hivyo hivyo, Vβ3 na Vβ12 hivyo hivyo. Lakini Vβ8.1/8.2 inawaka vizuri pande zote mbili. Nimerudia, hali ni ile ile. Na kwa upande wa pili, Vβ17a haipo kabisa kwa C57BL/6.

La pili: kwa C57BL/6 wa siku ya 6, kilima cha TCRβ kwenye histogramu ya APC kinahamia kushoto, hasa kwa seli za CD8. Panya wasioambukizwa waliopakwa siku hiyo hiyo kilima chao kimesimama pale pale. APC inaharibiwa na kitu gani kwenye damu ya malaria?

Bajeti ya chupa mpya ipo, ila ni ya mara moja tu. Nisaidieni kabla sijaagiza.

---

LabMtaa:

Pole mkuu. Ushauri wangu ni mfupi: agiza. Chupa za FITC zikikaa nje ya friji au zikiachwa kwenye mwanga wa benchi hufifia, na seti kama hizo mara nyingi husafiri siku nyingi kabla ya kutufikia, zikalala bandarini au uwanja wa ndege kwenye barafu iliyokwisha yeyuka. Nne kufa kati ya kumi na tano si ajabu hata kidogo.

Pia pima dozi upya. Usifuate lebo. Anza na mikrogramu 1 kwa seli milioni moja, shuka kwa nusu nusu mara sita hivi, chagua ile inayotenganisha vizuri wanaowaka na wasiowaka. Dozi kubwa mno nayo huinua wasiowaka, ukadhani una matokeo.

---

Mama Pipeti:

Weka pochi chini kwanza, mwanangu.

LabMtaa kuhusu kupima dozi yuko sahihi, na kuhusu mizigo kulala uwanjani yuko sahihi zaidi. Lakini soma tena alichoandika kijana: chupa ile ile, siku ile ile, kwa C57BL/6 inatoa asilimia 5.1. Kingamwili iliyokufa haichagui ukoo wa panya. Asilimia 4 hadi 6 ndizo unazotegemea kwa Vβ11 kwenye CD4 za C57BL/6. Chupa ni nzima. Seli ndizo hazipo.

Nimefanya kazi ya flo muda mrefu, kwanza nyumbani kisha Uswisi, na swali hili hurudi kila akija mwanafunzi mpya mwenye koo mbili za panya. Sikiliza.

Panya wa maabara wana virusi vya uvimbe wa matiti vya panya ndani ya kromosomu zao. Havijaingia jana, vimo kwenye jeni, vinarithiwa kama rangi ya manyoya. Wataalamu huviita Mtv na kuvipa namba. BALB/c wana Mtv-6, Mtv-8 na Mtv-9. C57BL/6 nao wana Mtv-8 na Mtv-9, na Mtv-17. Kila kimoja kina jeni inayotengeneza protini tunayoiita superantijeni. Antijeni ya kawaida hukaa kama kipande cha peptidi katikati ya bonde la MHC, molekuli inayoonyesha antijeni juu ya seli, na kipokezi cha seli T huisoma kwa ncha zake zote, alfa na beta pamoja. Superantijeni haina habari na bonde. Inashika ubavu wa MHC ya daraja la pili kwa upande mmoja na ubavu wa Vβ kwa upande mwingine, bila kujali kipokezi kimeumbwa kusoma nini: mwizi anayeng'oa bawaba badala ya kutafuta ufunguo. Kwa hiyo inagusa kila seli T yenye familia hiyo ya Vβ, zote kwa mkupuo.

Sasa fikiria hilo likitokea ndani ya thaimasi, pale seli T changa zinapochujwa. Seli inayoshikwa kwa nguvu na kitu cha nyumbani huuawa, ndiyo kazi ya thaimasi. Superantijeni ya Mtv-8 na ya Mtv-9 hushika Vβ5, Vβ11 na Vβ12. Ile ya Mtv-6 hushika Vβ3. Hesabu chupa zako nne zilizokufa, uone kama orodha hailingani.

Utaniuliza: mbona C57BL/6 nao wana Mtv-8 na Mtv-9, na Vβ11 wanayo? Kwa sababu superantijeni hizi huhitaji kushikiliwa, na mshikaji mzuri ni molekuli ya MHC iitwayo I-E. BALB/c wana MHC ya aina ya H-2d, I-E wanayo. C57BL/6 wana ya aina ya H-2b, na jeni yao ya mnyororo wa alfa wa I-E ina kipande kilichopotea, kwa hiyo I-E haitokei kabisa juu ya seli. Virusi wanavyo, mshikaji hawana, seli za Vβ11 zinapita salama.

Vβ17a kwa C57BL/6 ni hadithi nyingine na ni fupi: jeni yao ya Vβ17 imevunjika, haitoi protini. Hapo hata thaimasi haihusiki. Lakini chupa yenyewe iheshimu. Kloni ni KJ23, na ni kingamwili ya ukoo huo ambayo Kappler na Marrack kule Denver waliitumia mwaka 1987 kuonyesha kwa macho, kwenye mashine kama yako, kwamba seli zinazoweza kumshambulia mwenye mwili hufa ndani ya thaimasi. Waliona Vβ17a kwenye seli changa za thaimasi za panya wenye I-E, wakazitafuta kwenye seli zilizokomaa, hazipo. Wakati huo hakuna aliyejua ni nini kinachoziua. Ilibidi kusubiri hadi 1991 ndipo makundi kadhaa ya watafiti yakaonyesha kwamba mkosaji ni virusi vya Mtv. (Virusi hivyo vina ndugu zao wa nje wanaopita kwenye maziwa ya mama. Bittner alikuwa ameandika juu ya "kitu cha maziwa" kinacholeta saratani ya matiti kwa panya tangu 1936. Miaka 55 kabla mambo mawili hayajakutana!)

Ukitaka kuthibitisha bila kutoa shilingi, yapo haya.

Changanya seli za wengu za C57BL/6 na za BALB/c nusu kwa nusu kwenye tyubu moja, paka Vβ11. Ukipata karibu nusu ya ile 5.1, basi hakuna kitu kwenye sampuli ya BALB/c kinachozuia kingamwili. Kumbuka tu nusu ya seli zote si lazima iwe nusu ya CD4, angalia kila ukoo una CD4 kiasi gani. Hili ni la leo mchana.

Ukiwa na subira, chukua thaimasi za panya wachanga wa wiki nne hadi sita, koo zote mbili, wasioambukizwa. Nasisitiza wasioambukizwa, kwa sababu P. berghei husinyaza thaimasi na seli zenye CD4 na CD8 kwa pamoja hutoweka. Tafuta Vβ11 kwenye seli hizo zenye zote mbili, kisha kwenye zilizokomaa zenye CD4 pekee. Seli changa zina kipokezi kidogo sana juu yake, FITC itakutesa. Kama una Vβ11 ya PE popote, azima, uhamishie CD4 kwenye APC.

Na kama mabanda yenu yana watoto wa mchanganyiko wa BALB/c na C57BL/6, wapake hao. Wamerithi I-E kwa upande mmoja, inatosha: Vβ11 itakuwa imefutika kwao pia.

Hilo la pili la APC nitarudi usiku, lina maneno zaidi.

---

Mwana_wa_Wengu:

Shikamoo Mama. Nimeusoma mara mbili ukiwa bado wa moto.

Ya kuchanganya nimefanya mchana huu. Nimepata 2.3 ya CD4, na CD4 za koo mbili zilikuwa karibu sawa. Thaimasi nimeomba, nitapewa wiki ijayo.

Swali dogo: kumbe basi siwezi kulinganisha Vβ11 ya C57BL/6 na ya BALB/c kabisa?

---

Mtoto wa Kasapa:

Salamu kutoka Lubumbashi, ndugu zangu. Sina mashine ya flo lakini nina fahari, maana kimelea mnachokisema ni cha kwetu. Vincke na Lips walikipata Katanga mwaka 1948 kwenye panya wa miti, Grammomys, si kwenye panya wenu weupe wa maabara. Mbu wake ni Anopheles dureni wa kwenye misitu ya kandokando ya mito.

Nauliza tu: panya wa miti mwenyewe akiletwa maabara, kingamwili hizi za Vβ zitafanya kazi kwake?

---

Mama Pipeti:

Marahaba, mwanangu. 2.3 ni jibu zuri.

Kwanza ndugu wa Lubumbashi: usitegemee. H57-597 ilitengenezwa kwa hamsta wa Armenia aliyechomwa kipokezi cha panya wa maabara, ikaandikwa 1989 kuwa inashika kila kipokezi cha alfa-beta cha panya huyo. Inashika kitanzi kimoja kilichojitokeza kwenye sehemu isiyobadilika ya mnyororo wa beta. Kwa binadamu haishiki kabisa, na ndiyo maana wanaotengeneza seli T za binadamu zenye kipande cha kipokezi cha panya huitumia kuzitambua. Grammomys ni jenasi nyingine. Kila kloni ipimwe upya juu ya wengu wake kabla ya kuamini nambari yoyote, na ikigoma usishangae.

Sasa kijana. Ndiyo, Vβ11, 5, 12 na 3 zitoe kwenye ulinganisho wa ukoo kwa ukoo. Kila ukoo ulinganishe na wenzake wasioambukizwa. Na kuna mtego mwingine hapo: BALB/c wamepoteza familia nne, lakini asilimia lazima zifike mia, kwa hiyo familia zilizobaki zinajikuta na fungu kubwa zaidi bila kufanya lolote. Ukiona Vβ8 ya BALB/c iko juu kuliko ya C57BL/6 kabla ya kuambukiza, usiiandikie aya. (Mia yenyewe hutaifikia hata hivyo. Seti yako haina kingamwili ya Vβ1, 15 wala 16.)

Asilimia zenyewe kwenye malaria ni waongo wakubwa, kwa sababu wengu huvimba. Chukua mfano, nambari ni zangu za kufundishia tu. Wengu wa mzima una seli milioni 80, asilimia 20 ni CD4, na 18 ya hizo ni Vβ8.1/8.2: hiyo ni milioni 2.88. Wengu wa mgonjwa una milioni 150, CD4 zimeshuka hadi 14, Vβ8.1/8.2 zimeshuka hadi 16: milioni 3.36. Asilimia mbili zote zimeshuka na seli zimeongezeka. Hesabu seli za kila wengu, kwa kioo cha kuhesabia kama huna kingine, uandike zote mbili. Na uhesabu baada ya ACK ukijua kwamba wengu wa malaria umejaa seli nyekundu changa zenye kiini ambazo ACK haizivunji, zitakuingilia kwenye geti (mpaka unaouchora kwenye skrini kuchagua seli) la ukubwa. Geti la TCRβ litazitoa, lakini hesabu yako ya jumla itakuwa imeshazibeba.

Haya, TCRβ kuhamia kushoto.

APC yako haina kosa na damu ya malaria haina kosa. Seli T ikishashika antijeni yake huvuta vipokezi vyake ndani, na vingi huvunjwa huko huko. Siku ya 6 ya P. berghei ANKA ndiyo wakati CD8 za C57BL/6 ziko vitani, na CD8 ndizo zinazowaua panya hao. Ulichokiona kwenye histogramu ni vita yenyewe.

Namna ya kumaliza ubishi: kwenye tyubu moja toa Vβ, weka CD44 ya FITC mahali pake. Tazama CD8 zenye CD44 ya chini, ambazo hazijakutana na kitu, na zenye CD44 ya juu, ndani ya tyubu hiyo hiyo. Kama rangi ingekuwa imeharibika, zote mbili zingefifia. Ukiona za CD44 ya chini zimesimama pale pale waliposimama wazima na za CD44 ya juu ndizo zilizoshuka, umemaliza. Ukitaka kwenda mbali zaidi, gandisha seli kwa paraformaldehaidi, toboa utando, paka H57 ya APC kwa ndani na nje. Sehemu ya mng'ao itarudi. Usitegemee irudi yote, maana vilivyovunjwa vimevunjwa.

Lakini hapa ndipo ninapotaka usimame, kwa sababu ndipo tasnifu yako ilipo.

Geti lako la TCRβ ulilichora kwa panya gani? Kama ulilichora kwa wazima, likakaa kubana kilima chao, kisha ukalipeleka kwa wagonjwa, basi umekata nje zile seli zilizovuta vipokezi ndani. Yaani zile zile unazozitafuta. Na ubaya hauishii hapo: Vβ na H57 zinashika molekuli moja. Kipokezi kikipungua juu ya seli, FITC ya Vβ nayo inapungua, na wenye Vβ8 wanasogea kuelekea kwa wasio nayo. Kama mstari wako wa kutenganisha umewekwa juu, Vβ8 "itashuka" kwa wagonjwa, na utaandika kwamba makala ya 1999 haikuwa kweli, kumbe ni mstari.

Fanya hivi: geti la TCRβ lifungue kushoto, lianzie pale tyubu isiyo na H57 inapoishia. Usiliondoe kabisa, kwa sababu seli nyingine za wengu nazo hubeba CD4 au CD8, hasa seli za dendriti. Mstari wa Vβ uweke kwa tyubu yenye rangi zote isipokuwa FITC, na tyubu hiyo itoke kwa panya mgonjwa, si kwa mzima, maana wengu wa mgonjwa una mng'ao wake wa asili. Mzima awe na yake.

Na kila kitu juu ya barafu hadi mwisho. H57 ina mikono miwili, inashika vipokezi viwili kwa mpigo, na kwenye joto yenyewe inaweza kuvifanya vivutwe ndani. Kidogo cha sodiamu azidi kwenye bafa kinasaidia. Ukipita benchi ukakuta mtu amesahau tyubu kwenye joto la chumba anaongea na simu, usitumie tyubu hizo.

---

Seli_Gamma:

Nakubaliana na Mama, naongeza mawili tu.

Mwana_wa_Wengu, kama utajaribiwa kuongeza CD3 ili kuona seli T zote pamoja na za gamma-delta (zenye kipokezi kisicho cha alfa-beta), usitumie 145-2C11 pamoja na H57 kwenye tyubu moja. 2C11 inashika CD3ε, na CD3ε imekaa jirani kabisa na kile kitanzi cha beta ambacho H57 inakishika, zinaweza kusongamana. 17A2 ni salama zaidi. Gamma-delta zenyewe zipake kwa GL3. Kwenye wengu ni chache, asilimia chache tu za seli T.

Na ukiandika, andika jina la kloni daima. Kwenye Vγ kuna namba za aina mbili: inayoitwa Vγ4 na watu wa Tonegawa ndiyo Vγ2 kwa watu wa Garman, na kloni UC3-10A6 inauzwa kwa majina yote mawili. Kwenye Vβ pia, mkija kusoma jeni: Vβ11 yako itaonekana kama TRBV16, na Vβ8.1, 8.2, 8.3 zitakuwa TRBV13-3, 13-2 na 13-1. Zinarudi nyuma, ndiyo, sijakosea.

---

LabMtaa:

Mama Pipeti nimekubali, nimepigwa kwa hoja. Lakini ile ya barafu kuyeyuka uwanjani bado naishikilia.

---

Mwana_wa_Wengu:

Ripoti ya thaimasi, wakuu. Panya watatu kila ukoo, wiki tano, wazima. Vβ11 ya PE nimeazima kwa jirani.

Seli zenye CD4 na CD8 pamoja: Vβ11 ipo kwa koo zote mbili, hafifu lakini ipo, kilima kidogo upande wa kulia wa ile tyubu isiyo na PE. Zenye CD4 pekee: C57BL/6 asilimia 4.8, inang'aa vizuri. BALB/c 0.4. Msimamizi aliangalia skrini, akaomba nirudie mchoro, akachukua kiti.

CD44 nayo imetoka kama ulivyosema, Mama: kwa wagonjwa CD8 zenye CD44 ya chini hazijasogea, zenye CD44 ya juu ndizo zilizoshuka. Nimefungua geti la zamani kwenye data niliyokwisha kukusanya. Kwa wagonjwa, kati ya CD8 zote zenye TCRβ, karibu theluthi moja zilikuwa nje ya geti la mwanzo.

Sasa, data hiyo ya zamani haina tyubu isiyo na FITC kwa wagonjwa, nilikuwa nayo ya wazima tu. Naweza kuikokotoa upya kwa mstari wa wazima, au niitupe?

---

Mama Pipeti:

Usiitupe na usiitumie kwa Vβ. Itumie kuonyesha TCRβ imeshuka, hilo halihitaji mstari wa FITC, unatoa wastani wa mng'ao wa APC wa kila panya na kuchora. Kwa Vβ8 rudia majaribio na tyubu kamili. Najua panya ni ghali na kibali cha maadili kina idadi, kwa hiyo acha hizo chupa nyingine 11: paka Vβ8.1/8.2, Vβ8.3, na mbili za kulinganishia ambazo zipo kwa koo zote, tuseme Vβ6 na Vβ14. Wengu mmoja utatosha kwa tyubu zote hizo na za kontroli.

Ile ya 0.4 kwa BALB/c kwenye thaimasi iache ilivyo, usiifute ili ifanane na sifuri. Nyingine ni seli zilizo njiani kufa.

Kabla ya kuanza siku ya 6 nitumie mchoro wa tyubu isiyo na FITC ya mgonjwa mmoja, niuone mkia wake. Na hiyo PerCP-Cy5.5 ifunike kwa foili tangu unapoitoa kwenye friji. Ni rangi mbili zilizounganishwa, ikikaa kwenye mwanga huanza kuachana.